Mwenye Daftari: walinzi wa soko walipogeuka genge

Kwa nini nimekiandika kisa hiki

Yaliyosimuliwa hapa yalitokea katika soko moja la nafaka kanda ya kati, mwendo wa saa chache tu kutoka Dodoma mjini. Soko silitaji, wala mwaka wenyewe. Wahusika nimewaita kwa kazi zao, na vitu viwili vitatu ambavyo vingemfanya mtu wa pale aseme "huyu namjua" nimevitoa. Wakati huo nilikuwa msaidizi wa kisheria wa kujitolea, na ofisi yangu ilikuwa meza moja na benchi chini ya mwarobaini.

Watu wakisikia neno mafia huwaza kofia, suti na bastola za Chicago. Nilichokutana nacho mimi kilivaa kandambili na kushika filimbi na daftari la shule la kurasa 96. Hata hivyo, kila nikisoma jinsi mafia ya Sicily, kile kisiwa cha Italia, ilivyoanza, sura inayonijia ni ya yule jamaa wa soko letu. Huyo nitamwita Mwenye Daftari.

Usuli

Soko huanza kuchangamka mwezi wa tano. Mahindi yanakuja kutoka Kongwa na Kiteto, alizeti kutoka upande wa Singida, mtama na uwele kutoka vijiji vya jirani. Fuso zinashusha mchana kutwa. Wanunuzi wa Dar es Salaam, na wengine wanaovusha kwenda Kenya, hupakia jioni hadi usiku. Magunia yasiyopata gari yanalala nje, chini ya maturubai, na mwenye mali anajilaza juu yake au anarudi gesti akiomba Mungu.

Mwizi wa soko la nafaka habebi gunia. Anatumia bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha ambao dalali huuchomeka kwenye gunia atoe punje chache, aone kama zimekauka au zina wadudu. Ukiuchomeka mchana mbele ya mwenye mali, unapima. Ukiuchomeka usiku mara ishirini, gunia linabaki limesimama, mshono uko vilevile, na ndoo yako imejaa. Mwenye mali anagundua kwenye mizani asubuhi, mbele ya mnunuzi, na hapo ndipo anaitwa tapeli.

Basi wafanyabiashara wakachanga. Walichagua vijana sita na mkubwa wao, mtu aliyewahi kupita mafunzo ya mgambo, mpole wa kuongea, asiyekunywa. Wazee waliunga mkono haraka kwa sababu walikuwa na mfano kichwani: sungusungu. Vikundi vile viliibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipozidi na silaha zilikuwa zimezagaa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Serikali ilivitazama kwa jicho la wasiwasi, kisha ikavikubali, na mwaka 1989 vikapewa nafasi ndani ya sheria za mgambo. Kwa mtu wa kanda hii, kijana mwenye filimbi usiku si jambo la kutisha. Ni nafuu.

Malipo yalikuwa shilingi 200 kwa kila gunia linalolala. Na nisiwe mchoyo wa ukweli: kazi ilifanyika. Msimu ule wa kwanza bambo zilikoma. Aliyekamatwa na ndoo alitembezwa sokoni asubuhi, akakabidhiwa kituoni, na hakurudi.

Mambo yalivyokwenda

Kilichombadilisha Mwenye Daftari, kwa maoni yangu, ni mali kauli na wala si ulinzi. Sehemu kubwa ya biashara pale haiendi kwa fedha taslimu. Mama wa kijijini anampa dalali magunia thelathini kwa neno tu, dalali anayapeleka mjini, akiuza analipa. Akichelewa, hakuna karatasi. Kwenda mahakamani kwa deni la shilingi laki sita kunakula nauli na siku za kazi hadi deni lenyewe linaonekana dogo. Mwisho wa msimu wa kwanza mtu mmoja alimwomba Mwenye Daftari "amkumbushe" mdaiwa wake. Alikwenda na vijana wawili, wakakaa nje ya nyumba ya yule mdaiwa kuanzia alfajiri hadi adhuhuri bila kusema lolote. Fedha ikatoka. Akapewa sehemu yake, akaiandika.

Msimu wa pili alikuwa na kazi nne. Alilinda, alidai madeni, alisuluhisha ugomvi wa mizani, na alipanga zamu za makuli. Kuli asiyekuwemo kwenye orodha yake hapakii. Shilingi 200 ikawa 500. Magari yakaanza kutoa 10,000 inayoitwa "ya salama", inayokabidhiwa na utingo kabla ya kufunga kamba. Hakuna stakabadhi, ila jina lako linaandikwa, na utingo wengi walisema kuandikwa kwenye lile daftari kuliwapa usingizi kuliko stakabadhi ya ushuru.

Hakuwahi kutishia mtu. Hili lilinichukua muda kulielewa, kwa kuwa kila niliyemhoji alianza kwa kusema "hajanitishia". Alikuwa akipita jioni, anasalimia shikamoo kwa aliyemzidi umri, anagusa turubai kwa vidole viwili, anasema: "Upepo wa leo mkali, Mama. Na turubai lako limeshazeeka." Basi.

Msimu wa tatu Mama wa Alizeti, mjane aliyekuwa sokoni kabla ya wengi wao, alimpa kazi ya kudai shilingi 1,800,000. Akaletewa 1,100,000. Alipouliza, akaambiwa gharama zimepanda. Akasema vizuri, ila ulinzi halipi tena, atalala mwenyewe juu ya mali yake. Usiku wa nne homa ilimpeleka nyumbani. Asubuhi alikuta magunia yake kumi na manne yamechanwa kwa kisu kutoka mdomoni hadi kitakoni, mbegu zimemwagwa kwenye vumbi, na juu yake dizeli. Kuchana peke yake ni hasara, maana mbegu unaweza kuzikusanya na kuzipepeta. Dizeli ni kitu kingine. Hakuna mwenye mashine ya kukamua atakayeruhusu mbegu ile ikaribie kinu chake. Nilifika pale mchana, na harufu ilikuwa bado inakaba. Hatua ishirini kutoka hapo palikuwa na kibanda cha walinzi. Hawakusikia kitu.

Mama alikuja kwenye meza yangu kesho yake. "Mbukwa, mwanangu," akasema, akaketi, akafungua kitambaa chenye konzi ya zile mbegu. "Sitaki kesi. Nataka mbegu zangu."

Maamuzi, na tulivyoyafikia

La kwanza lilikuwa kama aendelee na malalamiko yake peke yake. Kituoni walikuwa wamempokea, wakaandika maelezo, wakauliza shahidi ni nani. Hakuwa naye. Wajumbe wawili wa kamati ya soko walitaka asimame kwenye mkutano ataje jina hadharani, wengine wangefuata. Nilipinga, na nilipinga kwa sababu ya habari ya Palermo, mji mkuu wa Sicily. Januari 1991 mwenye kiwanda cha nguo, Libero Grassi, aliandika barua gazetini akisema hatalipa pizzo, ile fedha ya ulinzi ambayo mafia huitoza maduka. Alisifiwa. Wenzake wa biashara hawakumfuata. Tarehe 29 Agosti mwaka huohuo aliuawa kwa risasi karibu na nyumbani kwake. Soko letu si Palermo na Mwenye Daftari hakuwa na bunduki, lakini hesabu ni ileile: anayekataa peke yake ni nafuu kumwadhibu kuliko kumwacha. Tukaamua Mama anyamaze kwanza.

La pili lilikuwa kuandika. Al Capone, mkubwa wa genge la Chicago, pamoja na damu yote aliyohusishwa nayo, alifungwa mwaka 1931 miaka 11 kwa kukwepa kodi. Vitabu vya hesabu ndivyo vilivyommaliza. Tulitaka na sisi tuwe na vitabu. Kila aliyekubali angeandika kwa wiki sita: tarehe, kiasi, nani kapokea, kwa maneno gani. Niliwafuata wafanyabiashara thelathini na mmoja, kumi na mmoja wakakubali.

Hapa ndipo nilipokosea. Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa shemeji yake Mwenye Daftari, na mimi sikujua kwa sababu sikuuliza. Nilikuwa mgeni mwenye kalamu, nikadhani siri inalindwa kwa watu kuahidi. Wiki ya tatu kuli mmoja aliyekuwa akitusaidia kuhesabu magari alipigwa fimbo njiani akavunjika mkono wa kushoto. Wanne wakachana kurasa zao mbele yangu. Sikuwa na la kuwaambia.

La tatu lilihusu sheria ipi itumike, na lilituchosha kuliko yote. Kosa la kuongoza genge la uhalifu lipo katika Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, ya mwaka 1984. Lilionekana limeshonwa kwa kipimo chake. Wazee wakakataa kata kata kusaini chochote chenye neno "uhujumu". Nilidhani ni woga wa Mwenye Daftari, kumbe walikuwa wanaogopa mwaka 1983. Mzee mmoja muuza mtama alinieleza. Alikuwa kijana wa dukani wakati kampeni ya Waziri Mkuu Sokoine dhidi ya walanguzi ilipoanza, na usiku mmoja yeye na tajiri wake walichimba shimo nyuma ya choo wakafukia katoni za sabuni. Sheria ya wakati huo ilikuwa na mahakama yake maalumu, bila dhamana na bila wakili. Ile ya 1984 ndiyo iliyoifuta. Nilimweleza hivyo, akanisikiliza kwa adabu. Kisha akasema kwamba siku Sokoine alipoondoka hapa Dodoma bungeni na kufia ajalini Dakawa, tarehe 12 Aprili 1984, tajiri wake alilia kwa uchungu, na bado sabuni hakuzifukua hadi mwaka uliofuata. "Tulimpenda na tulimwogopa," akasema. "Mwenye ghala la nafaka haandiki neno hilo kwenye karatasi, hata kama anayeshtakiwa ni mwingine."

Zaidi ya hapo, makosa ya uhujumu uchumi yanahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, na mtuhumiwa anaweza kukaa mahabusu muda mrefu upelelezi ukisubiriwa. Wakati huo vijana wake sita wangekuwa nje, na hasira, bila kazi. Tukakubaliana na njia nyembamba: shauri la kujeruhi, na la kudai mali kwa vitisho.

La nne sikulipenda, na nilishindwa kwenye kura. Kamati iliamua kazi ya ulinzi itangazwe upya, mshahara uwe wa mwezi na si wa gunia, kila malipo yawe na stakabadhi, taa tatu zifungwe, na mtu yeyote aombe, pamoja na vijana wa Mwenye Daftari. Mimi nilitaka wazuiwe wote. Mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye duka la vifungashio, aliniambia, "Mwanangu, hawa vijana nimewaona wakizaliwa. Ukiwafukuza wote, unampa jeshi."

Matokeo

Vijana watano kati ya sita waliomba na wakaajiriwa. Mwenye Daftari naye aliomba, hakupata. Ndani ya mwezi mmoja "ya salama" ilikufa yenyewe, kwa sababu hakukuwa na wa kuikusanya.

Mahakamani mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Kuli alipatana naye, akalipiwa matibabu na kitu juu yake. Shauri la vitisho mashahidi hawakutokea mara tatu mfululizo, likaondolewa. Mama wa Alizeti hakulipwa hata debe moja. Mwenye Daftari alihama, na nasikia anadai madeni kwenye soko jingine.

Misimu miwili mfululizo soko lililala bila bambo na bila dizeli.

Uchambuzi

Nianze na malimau, nirudi kwenye ile mafia ya Sicily niliyoitaja mwanzoni. Katikati ya karne ya 19 mabustani ya malimau yaliyozunguka Palermo yalikuwa mali ya thamani kubwa: yanahitaji maji na miaka mingi hadi kuzaa, na tunda lake ni rahisi kuibwa usiku. Italia ilikuwa taifa jipya, limeungana mwaka 1861, na mkono wa serikali ulifika Sicily kwa shida. Kila bustani ilihitaji mlinzi. Mwaka 1872 daktari wa upasuaji aitwaye Gaspare Galati alianza kusimamia bustani ya urithi wa familia yake. Alikuta mlinzi, Benedetto Carollo, anajikatia asilimia 20 hadi 25 ya bei ya mavuno, na juu ya hapo anaiba malimau ili shamba lishuke thamani. Galati alimfukuza, akaajiri mwingine. Huyo mwingine alipigwa risasi mwaka 1874. Mwaka 1875 daktari alikimbilia Naples na familia yake, akaacha bustani na wagonjwa wake.

Ukikisoma kisa hicho baada ya kukaa sokoni kwetu, unaona kwamba Carollo hakuanza kwa kuvamia. Alikuwemo tayari, ana ufunguo, na malipo yake yalifuata wingi wa mavuno. Mlinzi anayelipwa kwa gunia ana sababu ya kutaka magunia yote yapite mikononi mwake, na ana sababu ya kutaka hofu isiishe kabisa. Kumpa mshahara wa mwezi kulionekana jambo la kihasibu tu, lakini naamini ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko polisi, mahakama na mimi. Mwenyekiti alikuwa sahihi kuhusu vijana. Mimi nilikuwa nimesoma mno habari za wakubwa wa magenge, nikasahau kwamba mkubwa bila vijana ni mtu mwenye daftari.

Daftari lenyewe tuliliona lilipotolewa kama kielelezo, na hapo ndipo palipo funzo ambalo sikuliona kwa wakati. Nilitarajia orodha ya waliolipishwa. Zaidi ya nusu ya kurasa ilikuwa madeni: nani kampa nani mali kauli, magunia mangapi, shahidi yupi, ahadi ya lini. Kwa mwandiko wa darasa la saba, mtu yule alikuwa ameweka kumbukumbu za mikopo ya soko zima, kitu ambacho hakuna ofisi iliyokuwa nacho. Watu walimlipa kwa hofu, ndiyo, lakini pia kwa sababu bila yeye neno la dalali halikuwa na uzito. Sisi tuliondoa hofu. Pengo la madeni tuliliwekea meza ya wazee watatu, inayokaa siku mbili kwa wiki baada ya alasiri, na fomu ya deni niliyoiandika mimi. Fomu ilikuwa ya kurasa mbili. Nani atajaza kurasa mbili juu ya Fuso inayoondoka?

Jambo jingine tuliloliacha ni wanunuzi. Palermo, mwaka 2004, vijana walibandika karatasi mitaani usiku kupinga pizzo, wakaanzisha Addiopizzo. Baadaye wakaorodhesha maduka yasiyolipa, ili wateja wanunue huko. Walielewa kwamba mwenye duka anayekataa anahitaji mteja nyuma yake, siyo pongezi. Wanunuzi wetu wa Dar es Salaam walikuwa wakilipa "ya salama" kuliko mtu yeyote, na wangeweza kusema tunapakia kwa wasiolipa tu. Hakuna aliyewauliza. Tuliwahesabu kama wageni, kwa kuwa wanalala gesti.

Kuhusu kuli aliyevunjika mkono, sina uchambuzi mrefu. Tangu mwaka 2015 kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na niliijua. Nilidhani ni ya kesi kubwa. Kabla ya kumpa mtu kalamu ahesabu magari, nilipaswa kujua nani ni ndugu wa nani kwenye soko lile, kazi ambayo mwenyekiti angeifanya kwa nusu saa juu ya kikombe cha chai ya tangawizi.

Msimu wa tatu baada ya haya, nilipita pale kusalimia. Taa mbili kati ya tatu zilikuwa zinawaka. Meza ya wazee ilikuwa na watu watatu wakisubiri. Nikasikia kuna kijana mpya anayedai madeni, si wa pale, ana pikipiki na anaandika kwenye simu. Nilikwenda kwa Mama wa Alizeti kumwonya. Akacheka, akanikaribisha kigoda. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza: deni la laki nne, lilirudi ndani ya siku tano, kakatwa arobaini elfu tu.

"Na wazee je?" nikamuuliza.

"Wazee wangu nawaheshimu," akasema. "Kwao ningesubiri mpaka masika."